Andika Kabla Hujauza

Ndugu msomaji, wewe wa Kilosa unaujua mnada wa ng'ombe. Mnunuzi hatazami unono peke yake. Hutazama na chapa, apate kujua mnyama katoka zizi la nani. Leo tuutazame mnada wa namna nyingine, kwani funzo lake latuhusu.

Mwezi Mei 1977, huko Uingereza, mali ya jumba la Mentmore, iliyokusanywa na ukoo wa Rothschild na kurithiwa na makabaila wa Rosebery, ilipigwa mnada. Kabla ya mnada kama huo huchapwa orodha ya vitu, kila kimoja na namba yake, fundi wake na kilikotoka. Wanunuzi nao huandika pambizoni bei iliyofikiwa na jina la mnunuzi. Maandishi hayo ya mkono huja kuwa ushahidi wa safari ya kitu. Basi katika orodha ya Mentmore, picha moja iliandikwa jina la mchoraji siye. Mjuzi mmoja, David Carritt, akainunua kwa pauni 8,000 tu. Kumbe ilikuwa kazi ya Fragonard! Warithi walipoteza mali kwa kutojua jina.

Nasi tuna kisa chetu. Mwaka 1984 kinyago cha Wamakonde kiliibwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Mwaka 1985 kikanunuliwa na jumba la makumbusho la Barbier-Mueller la Geneva. Kilitambuliwa mwaka 1990, lakini mkataba wa kukirudisha ulitiwa saini Mei 2010. Ikiwa kitu kinachojulikana kilichukua miaka ishirini, kisichojulikana je?

Sasa fikiri mgeni amesimamisha gari Mikumi, njiani kwenda mbugani, naye anakitaka kigoda cha babu yako au mwana hiti wa bibi yako, ile sanamu ndogo ya wari. Kuuza au kutouza ni shauri la ukoo. Lakini je, waweza kusema nani alikichonga, katika kijiji gani, na kimepitia mikono ya nani?

Chukua daftari leo jioni, uketi na bibi, uandike. Usingoje kesho. Bibi akiondoka, hapatakuwa na wa kuulizwa.