Bima ya Maisha: Haki ya Mjane na Yatima

Mapambano ya kuleta mfumo wa vyama vingi hayakuwa ya kura peke yake. Tulidai pia kwamba kila ashikaye amana ya umma atoe hesabu. Na ni amana gani iliyo nzito kuliko senti za mzazi anayelipia bima ya maisha, akiahidiwa kwamba atakapofumba macho wanawe hawatalala njaa?

Historia yatupa funzo. Chini ya Sheria ya Bima iliyoanza kutumika mwaka 1987, Kamishna wa Bima alikuwa afisa wa Wizara ya Fedha. Serikali hiyo hiyo ilimiliki kampuni ya Kenya National Assurance. Msimamizi na msimamiwa wakala chungu kimoja. Mwaka 1996 kampuni hiyo ikatiwa mufilisi, na wenye hati za bima wakabaki wakingoja haki yao.

Yapo mageuzi yaliyofuata, nayo yastahili kutajwa. Hazina ya kuwafidia wenye bima kampuni zinapoanguka iliundwa mwaka 2004, ingawa malipo yake yana kikomo. Sheria ya mwaka 2006 ikaanzisha Mamlaka ya Kudhibiti Bima, iliyoanza kazi mwaka 2007. Tena sheria ya mwaka 2011 yazitaka kampuni kukabidhi mali isiyodaiwa, zikiwamo fedha za bima za marehemu, kwa mamlaka maalumu ili wenyewe wazidai.

Lakini haki iliyoandikwa Nairobi itafikaje Hagadera? Wengi hapa ni Waislamu, nao hawaridhiki na bima yenye riba. Kwamba njia ipo tulishuhudia Wajir mwaka 2013, wafugaji walipoanza kukata bima ya mifugo kwa utaratibu wa takaful, yaani kuchangiana. Mwaka 2014 wakalipwa fidia ya ukame. Ikiwa ngamia aweza kukatiwa bima kwa imani ya mwenyewe, mchungaji wake je?

Liko na tatizo zito zaidi. Siku hizi bima huuzwa kwa benki na kwa simu, na milango yote miwili hufunguliwa kwa kitambulisho. Wapo Wakenya wa Garissa ambao alama zao za vidole ziliingia katika daftari la wakimbizi walipokuwa wakitafuta chakula cha msaada, kisha wakanyimwa kitambulisho cha taifa. Asiyetambuliwa akiwa hai, nani atamlipia warithi wake akifa?

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Kwanza, masharti ya bima yaandikwe na kusomwa kwa Kiswahili na Kisomali kabla ya mtu kutia sahihi. Pili, wakala aonyeshe leseni yake, na stakabadhi itolewe kwa kila malipo. Tatu, Wakenya waliosajiliwa kimakosa wapewe vitambulisho, na hati za wakimbizi ziheshimiwe na wauzaji wa bima.

Nasi tuna wajibu. Makanisa na misikiti iwafundishe waumini kuwajulisha warithi wao hati ilipo, na iwasindikize wajane kwenda kudai. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Demokrasia isiyomlinda mjane siku ya matanga ni jina tupu.