SEHEMU YA 4: "Mvumilie tu, ni mzazi wako"

Mama mwenzangu, nani alikudanganya kuwa heshima ni kutukanwa mbele ya wanao halafu unyamaze? Asubuhi mama yako anakubembeleza, jioni anakufukuza kwake. Ndugu wanakwambia, "Ndo alivyo, vumilia upate radhi."

Nakataa!

Kama ukali umeanza ghafla uzeeni, usiseme ni kisirani. Mpeleke kituo cha afya. Sukari kushuka chini ya 4 au maambukizi ya njia ya mkojo vinaweza kumbadilisha mzee kabisa.

Lakini kama yuko hivyo tangu utoto wako, si kosa lako. Mwambie kwa upole, "Mama, nitarudi ukitulia." Chukua wanao, ondoka. Kesho mpigie, msalimie.

Radhi hailipiwi kwa machozi ya wajukuu.