Viza miezi 6, bima siku 90: mgonjwa akiwa ugenini, nani hulipa?

Shangazi yangu ana bahasha ya kaki ambayo haachani nayo. Ndani mna pasipoti yake, viza ya Uingereza iliyokwisha muda, kadi ya kliniki ya sukari, na karatasi moja yenye muhuri mkubwa wa buluu iliyoandikwa kuwa ni bima ya safari. Wiki iliyopita aliitoa karatasi hiyo tukiwa barazani, akaniuliza: "Baba, hii mpya nayo si itakuwa kama ile?"

Anajiandaa kwenda tena. Binti yake aliyeolewa Leicester anatarajia mtoto wa pili Disemba, na kwetu sisi mtoto hazaliwi mama yake akiwa peke yake na jiko la gesi. Lakini safari ya kwanza, ile ya Februari 2020, ilituachia deni na somo, na kwa kuwa najua nyumba nyingi hapa Mombasa, Malindi na Lamu zina mtu aliye njiani au anayejaza fomu, naona niieleze ilivyokuwa.

Alipata viza ya mgeni wa kawaida, iliyokuwa pauni 95 wakati huo, inayomruhusu mtu kukaa hadi miezi 6. Tikiti ilikuwa ya siku 90. Wakala aliyemshughulikia alimwambia bila bima hatapewa viza. Si kweli. Bima ya lazima, yenye kiwango kisichopungua euro 30,000, hudaiwa na nchi za Schengen kama Ujerumani na Italia. Uingereza haijawahi kuwa Schengen, na haimdai mgeni wa miezi 6 bima yoyote. Shangazi akanunua hivyohivyo, ya bei ya chini kabisa, ya siku 90. Kwenye fomu kulikuwa na swali: je, una maradhi yoyote? Wakala akajaza "hana". Shangazi ana sukari na presha kwa zaidi ya miaka 15. Hakuulizwa, na asingejua kwamba jibu hilo moja ndilo lililobeba karatasi nzima.

Usiku wa tarehe 25 Machi 2020 Kenya ilifunga anga kwa ndege za abiria kutoka nje. Tarehe 8 Aprili ikawa hakuna kuingia wala kutoka Kaunti ya Mombasa. Mwezi wa Mei, Mji wa Kale, anakokaa shangazi, ukafungwa peke yake kwa mwezi mzima. Kulikuwa na ndege chache za kuwarudisha Wakenya waliokwama, lakini abiria alijilipia tikiti, vipimo na karantini ya siku 14, kisha angefika Nairobi akute njia ya Mombasa ina vizuizi hadi tarehe 7 Julai. Tukamwambia akae kwa mwanawe. Upande wa viza hakuwa na shida, maana miezi yake 6 ilikuwa inafika Agosti, na hata waliokwishiwa mapema serikali ya Uingereza iliwaongezea muda hadi 31 Julai.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba viza na bima zina saa mbili tofauti. Viza ilikuwa na pumzi bado. Bima ilikufa katikati ya Mei.

Juni sukari ikapanda. Dawa alizobeba za miezi 3 zilikuwa zimekwisha na alikuwa akimeza nusu nusu ili zisogee, bila kumwambia mtu. Binti yake alimkuta asubuhi hajitambui vizuri, akaita gari la wagonjwa. Walimhudumia vyema, sina lawama kwao hata chembe. Alilala siku 3 akarudi nyumbani akitembea. Barua ya malipo ikaja baadaye.

Watu wengi hapa huamini kwamba hospitali za Uingereza ni bure. Ni bure, au karibu na bure, kwa mkaazi. Mgeni akiletwa idara ya dharura, kule kuangaliwa mwanzo hakulipiwi. Akishalazwa, hesabu inaanza, na mgeni kutoka nchi kama yetu hutozwa asilimia 150 ya gharama ya kawaida. Na hapa pana jambo ambalo hadi leo shangazi hulicheka kwa uchungu: tangu mwisho wa Januari 2020 matibabu ya korona yalifanywa bure kwa kila mtu aliyeko Uingereza, awe mgeni, awe hana karatasi. Angeugua ugonjwa ulioifunga dunia, asingelipa hata senti. Aliugua sukari.

Tulipoipigia simu kampuni ya bima, ilikuwa na majibu mawili, na moja tu lingetosha. Muda umekwisha. Na hata usingekwisha, sukari haikutajwa. Bili ilipita pauni 2,000. Tuliichanga kwenye kikundi cha familia cha WhatsApp, elfu tano huyu, elfu mbili yule, kwa sababu deni la hospitali la kuanzia pauni 500 lisipolipwa ndani ya miezi 2 hupelekwa kwa watu wa uhamiaji, na ombi la viza la baadaye linaweza kukataliwa kwa ajili yake. Kwa mama mwenye wajukuu kule, hilo si deni la kuachia. Alirudi Agosti, anga ilipofunguliwa, na tulimaliza kulipa mwaka 2021.

Mwaka huo wa 2021 pia mwana wa dadangu alipata nafasi ya shahada ya pili kule kule Uingereza, na kwake hesabu ilikuwa ya aina nyingine. Anayekaa zaidi ya miezi 6 haambiwi anunue bima. Hutozwa ada ya afya, papo hapo anapoomba viza, ya muda wote wa viza kwa mkupuo mmoja. Oktoba 2020, janga likiwa limepamba moto, ada hiyo ilipandishwa kutoka pauni 400 hadi 624 kwa mwaka, na kwa wanafunzi kutoka 300 hadi 470. Viza ya kozi ya mwaka mmoja huongezewa miezi kadhaa mwishoni, basi kijana alilipa pauni 705. Juu yake pauni 348 za viza yenyewe, kipimo cha kifua kikuu Nairobi, na ushahidi kwamba pauni 1,023 za matumizi kwa kila mwezi, miezi 9, zimelala benki siku 28 bila kuguswa. Hiyo ilikuwa kwa anayesoma nje ya London. Wa London ilikuwa 1,334.

Kuna wanaoiita ada hii bima. Mimi naiona ni kodi, na tofauti yake ni kubwa. Ukishailipa unatibiwa kama mkaazi, na hakuna anayekuuliza kama una sukari. Kwa hilo ni bora kuliko karatasi ya shangazi mara kumi. Lakini ndege ikifutwa haikulipi. Jino utalilipia. Na Mungu apishe mbali, mtu akifariki, haisafirishi maiti kuja kuzikwa Kenya. Wazazi wengi hudhani imo.

Halafu kukaja orodha nyekundu. Kenya iliingizwa tarehe 9 Aprili 2021. Mkenya mwenye viza ya masomo aliruhusiwa kuingia, ila alale hotelini siku 10 chini ya ulinzi kwa gharama yake: pauni 1,750 mwanzoni, na kuanzia 12 Agosti, wakati hasa wanafunzi wanafunga mabegi, ikawa 2,285. Kwa shilingi zetu ni zaidi ya 300,000, na hakuna bima yoyote niliyoiona iliyolipa karantini ya aina hiyo. Dadangu alikuwa tayari kuuza pikipiki mbili za biashara. Tukasubiri, chuo kikakubali achelewe, na tarehe 22 Septemba Kenya ikatolewa. Ilikuwa bahati, siwezi kuiita mipango. Wenzake waliotangulia kwa wiki mbili walilipa hotelini.

Naye akafika na vyeti vya chanjo mbili za AstraZeneca, akahesabiwa kama hakuchanjwa, akajifungia chumbani siku 10. Chanjo ileile iliyobuniwa Oxford, na ambayo Uingereza yenyewe mwisho wa Julai, Kenyatta, rais wa wakati huo, akiwa London, iliahidi kutupa dozi 817,000. Tatizo walisema ni cheti, si chanjo. Kuanzia tarehe 11 Oktoba 2021 cheti cha Kenya kikakubaliwa.

Nikiangalia nje ya Uingereza naona jambo ambalo magazeti yetu hayakulizungumza sana. Katika miezi ileile ambayo sisi tulikuwa tunafungiwa, nchi kadhaa zilikuwa zinafungua mlango mpya kabisa wa kukaa muda mrefu. Barbados Julai 2020 ilitangaza kibali cha miezi 12 kwa wanaofanya kazi kwa mtandao: ada dola 2,000, na kipato cha dola 50,000 kwa mwaka. Dubai ikafuata Oktoba, ikitaka mshahara wa dola 5,000 kwa mwezi. Thailand ikatoa viza ya siku 90 inayoongezwa mara mbili hadi miezi 9, kwa masharti ya karantini ya siku 14 na bima ya korona ya dola 100,000. Mauritius, jirani yetu wa Bahari Hindi, ilitoa ya mwaka mzima bila ada. Zote zilidai bima ya afya.

Ukizisoma kwa makini, bima pale inafanya kazi mbili. Ya kwanza ni halali kabisa: nchi ndogo yenye vitanda vichache vya wagonjwa mahututi haiwezi kubeba gharama za mgeni. Ya pili ni ya kuchuja. Bima ya dola 100,000 kwa mtu wa miaka 65 mwenye presha ama haipatikani ama bei yake humfukuza. Virusi haviulizi mshahara, lakini masharti yaliyowekwa kwa jina lake yaliuliza.

Kisha linganisha na msichana wa Kisauni au Likoni anayekwenda Ghuba kwa mkataba wa miaka 2 wa kazi za nyumbani. Huyo ndiye msafiri wetu wa muda mrefu aliye wengi, na bima yake iko mikononi mwa mwajiri pamoja na kibali chake cha kukaa. Akiugua, anayeamua apelekwe hospitali au la ni yule yule anayemlipa. Oman ilipofungua tena ilimtaka anayeingia awe na bima ya matibabu ya korona ya mwezi mmoja. Vizuri. Na miezi 23 iliyobaki? Sijawahi kumwona wakala wa ajira hapa mjini akimpa binti nakala ya bima yake ashike mkononi pamoja na nambari ya simu ya kupiga. Wazazi wanaotia saini mikataba hiyo waidai nakala hiyo kabla ya kutia saini, si uwanja wa ndege.

Msomaji mmoja aliniambia nasi tulipize: kila Mzungu anayekuja kukaa Watamu au Diani miezi 6 aonyeshe bima mpakani. Serikali yetu ilipofungua anga Agosti 2020 iliwadai wageni cheti cha PCR, haikuwadai bima. Siungi mkono neno kulipiza, maana mwaka 2021 tuliona hoteli zikifungwa na vijana wa ufuoni wakikosa hata nauli ya matatu. Ila kwa wanaokaa miezi, tena wengi ni wastaafu wenye maradhi ya uzee, nakubali. Akianguka usiku atapelekwa hospitali iliyo karibu, na mara nyingi hiyo ni ya kaunti, inayotutosha kwa taabu sisi wenyewe.

Turudi kwa bahasha ya kaki. Nilikwenda na shangazi mwenyewe kwa wakala mwingine. Tuliomba mkataba mzima, si ile karatasi ya muhuri, tukaketi nao siku 2 na binti ya jirani anayesoma sheria. Tulitafuta ukurasa wa mambo yasiyolipwa kabla ya kusoma yanayolipwa. Mkataba wa kwanza tuliopewa ulisema wazi kwamba janga lolote lililotangazwa na Shirika la Afya Duniani halimo. Tukaurudisha. Wa pili unalipa korona ila haulipi karantini, unasafirisha maiti, na unaweza kuongezwa muda mtu akiwa nje, sharti ombi lifike kabla siku za mwanzo hazijaisha. Tumechukua siku 180, kama viza.

Kwenye swali la maradhi, shangazi alimnyang'anya wakala kalamu akaandika mwenyewe, kwa herufi kubwa: SUKARI, PRESHA, na majina ya dawa zote nne. Bei ikapanda zaidi ya mara mbili. Wakala akasema kwa upole, "Mama, tungeweza kuacha tu hapo pawe wazi, wengi huacha."

"Wengi hawajalala hospitali ya watu," akamjibu, akafungua mkoba na kuanza kuhesabu pesa.