Antena juu ya bati, ethi iko wapi?

Ukipita kwenye mageto yetu hapa Mwanza, hebu tazama juu ya mabati. Karibu kila nyumba ina bomba la chuma lenye antena, na waya mweusi unashuka hadi kwenye king'amuzi, mara nyingine umegawanywa vyumba vinne au vitano. Sasa tafuta waya wa pili, ule wa kwenda ardhini. Mara nyingi hauoni. Na hapa tuko kando ya Ziwa Victoria, moja ya sehemu zinazopigwa radi sana Afrika.

Ukimuuliza mwenye nyumba, utaambiwa ethi inavuta radi. Si kweli. Bomba likishakuwa refu kuliko vyote juu ya paa, limeshajitangaza lenyewe. Ethi inaupa umeme njia ya kupita nje. Ikikosekana, umeme unafuata waya wa antena hadi ndani: kwenye tivii, kwenye soketi, kwenye laptop iliyonunuliwa kwa bumu, na kwa mtu aliyeishika.

Kazi yenyewe si kubwa kwa fundi wa umeme anayejua anachofanya. Kanuni za kimataifa zinataka waya wa shaba usiopungua milimita 16 za mraba, ushuke kutoka kwenye bomba bila kukunjwakunjwa hadi kwenye rodi ya mita 2.5. Ule wavu wa chuma ulio chini ya plastiki ya waya wa antena nao uungwe kwenye ethi, pale waya unapoingia ndani.

Mafundi wengi wanapokosea ni hapa: wanachimbia rodi ya antena halafu wanaiacha peke yake. Lazima iunganishwe na ethi ya nyumba. Zikiachwa mbalimbali, radi ikipiga hata kwa jirani, ethi hizo mbili zinakuwa na volti tofauti, na tofauti hiyo inapita ndani ya tivii yako.

"Lakini huku ni mawe matupu!" Ni kweli, rodi haizami kwenye miamba yetu. Basi zilazwe mbili, kila moja ya mita 5, kwenye mtaro wa nusu mita kwenda chini, mbali kidogo na msingi. Bomba la maji lisitumike. Siku hizi mengi ni ya plastiki.

Hata ukiwa na ethi, radi ikipiga antena yenyewe tivii inaweza kuungua. Mawingu yakianza kujikusanya chomoa plagi na waya wa antena, usisubiri ngurumo.

Viongozi wetu wa wanafunzi wakienda kuangalia vyumba vya kupanga wanauliza maji, choo na geti. Waulize na ethi, tena waonyeshwe, kabla hatujalipa kodi ya miezi sita. Na waulize sasa, maana mvua za vuli zinaanza Oktoba.