Mtoto akitaka kinyonga, anza na nyenje

KWETU wengi tumekua tukimwogopa kinyonga. Ukimkuta njiani, unampisha. Lakini ndugu zetu wanaolea watoto Ulaya na Marekani wanajua kwamba huko anauzwa dukani kama kasuku, na mtoto akishamwona anabadili rangi, ombi halikatiki mpaka mnafika nyumbani.

Anayeuzwa sana ni yule mwenye kishungi kirefu kichwani, asili yake Yemen na Saudi Arabia. Yule wa pembe tatu asili yake ni huku kwetu, Kenya na Tanzania. Lakini mzazi uliye huku, usimwokote bustanini ukamfungia. Sheria za wanyamapori zinataka kibali.

Sasa turudi kwa mzazi aliye dukani. Chakula kikuu cha kinyonga ni wadudu walio hai, wanaotembea mbele ya macho yake. Kwa hiyo ukikubali kumnunua, umekubali kufuga mara mbili: kinyonga, na nyenje wa kumlisha, wale wadudu wanaolia usiku.

Nyenje naye ale

Nyenje aliyeshinda njaa hana faida tumboni mwa kinyonga. Mpe chakula angalau saa 24 kabla ya kumtoa: karoti, boga, kiazi kitamu, sukuma wiki. Usiwawekee bakuli la maji, watazama. Kipande cha karoti au chungwa kinawatosha kwa kiu.

Makazi yao ni boksi la plastiki lenye matundu ya hewa, na ndani trei za mayai za karatasi ili wapate pa kujificha. Toa waliokufa kila siku, maana hao ndio wanaoleta harufu.

Nyenje ana fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo. Ndiyo maana hupakwa unga wa kalsiamu usio na fosforasi: watie kwenye mfuko wenye unga kidogo, tikisa taratibu. Kinyonga asiyepata kalsiamu, au asiye na taa ya mionzi inayofanya kazi ya jua, mifupa yake hulainika, miguu hupinda, na ulimi hushindwa kufyatuka kukamata chakula. Mtoto atakwambia "amechoka", kumbe anaumwa.

Waingie kwa hesabu, watoke kwa hesabu

Hapa ndipo penye hatari. Mtoto akimwaga kopo zima kizimbani, kinyonga atakula kiasi chake, na waliobaki watajificha kwenye majani na udongo. Usiku kinyonga akilala, nyenje wenye njaa huja kumtafuna ngozi, hata karibu na macho. Naye si mnyama wa kupiga kelele.

Mlisheni asubuhi, ili mwenyewe apate joto la kusaga chakula na nyinyi mpate muda wa kukagua. Tundikeni kopo lenye kuta laini kwenye tawi; nyenje hawezi kupanda ukuta laini, na hesabu inakuwa rahisi. Chagueni wadogo, wasiozidi upana wa nafasi iliyo kati ya macho ya kinyonga. Kinyonga mchanga hula kila siku, mkubwa siku moja baada ya nyingine.

Mpe mtoto daftari aandike: walioingia 8, walioliwa 6, waliotolewa 2. Jioni, kabla ya taa kuzimwa, wewe hakiki. Daftari hilo lina kazi nyingine: idadi ya walioliwa ikianza kushuka, mpelekeni kwa daktari wa mifugo anayejua wanyama watambaao, kabla hajadhoofika.

Msiokote wadudu nje. Huenda wamepuliziwa dawa. Vimulimuli ndio kabisa msiwape: wapo wenye sumu ya kumwua.

Na afya ya nyumba

Kinyonga anaweza kubeba bakteria wa salmonela huku anaonekana mzima. Kila anayegusa kizimba anawe mikono kwa sabuni, na vyombo vyake visioshwe kwenye sinki la jikoni. Kama nyumbani kuna mtoto wa chini ya miaka 5, ushauri wa wataalamu ni kusubiri.

Kwa hiyo mtoto akishika shati lako dukani, usikatae wala usikubali. Mnunulie nyenje peke yao kwanza, boksi moja, wiki mbili. Awalishe, awasafishie, awahesabu. Akiwasahau kufikia siku ya nne, mmepoteza fedha kidogo na hakuna kinyonga aliyeumia. Akifika wiki ya pili daftari limejaa, basi mwende mkamchague pamoja.