Njia "Rahisi" ni Rahisi kwa Nani?

Kama kuna neno ningelifuta leo katika kila ramani ya njia za matembezi, ni "rahisi". Fungua programu ya simu inayoonyesha njia za vilimani na misituni, utakuta madaraja matatu: rahisi, wastani, ngumu. Rahisi kwa nani? Kwa kijana wa miaka 25 mwenye magoti mazima, aliyepita hapo Januari wakati wa jua kali, kisha akabonyeza nyota tano. Mwenye kiti cha magurudumu, nyanya mwenye mkongojo, mama anayesukuma kigari cha mtoto, wote wanaachiwa neno moja kutoka kwa mtu asiyewajua.

Sisi watengenezaji programu tunapenda kulimaliza jambo hili kwa kuongeza safu moja katika hifadhidata: inafikika, ndiyo au hapana. Hata OpenStreetMap, ambayo naipenda sana, ina alama ya kiti cha magurudumu yenye majibu ya ndiyo, hapana, au kwa kiasi. Afadhali hiyo kuliko kimya, lakini bado ni hukumu, si kipimo. Mwenye kiti cha injini na mwenye kiti cha kusukuma kwa mikono hawatapata jibu moja kwenye mwinuko mmoja.

Waliolifikiria vizuri ni Access Board ya Marekani. Miongozo yake ya mwaka 2013 kwa maeneo ya nje ya serikali kuu inataka njia iwe na upana wa angalau sentimita 91, na isiwe na zaidi ya asilimia 30 ya urefu wake yenye mwinuko unaozidi 1 kwa 12. Sawa. Lakini kilichonifurahisha ni kibao. Kibao kipya cha maelezo kinachowekwa mwanzoni mwa njia mpya kinatakiwa kitaje urefu wa njia, imetandikwa nini juu, upana wa kawaida na mdogo kabisa, mwinuko wa kawaida na mkali kabisa, na vivyo hivyo jinsi inavyoinamia upande. Angalia hiyo "kabisa". Kiti hakikwami kwenye wastani. Kinakwama kwenye mita nne za mizizi.

Na hapa kompyuta zinatudanganya. Programu nyingi hukadiria mwinuko kwa vipimo vilivyochukuliwa kutoka angani, kama vile vya chombo Endeavour cha mwaka 2000, ambavyo nukta zake zimeachana takribani mita 30. Chukua mita 10 zinazopanda kwa asilimia 20, halafu mita 20 tambarare. Umepanda mita 2 katika mita 30, kwa hiyo grafu itakuonyesha chini ya asilimia 7. Kwenye skrini ni njia ya kupendeza. Kwenye magurudumu ni ukuta.

Kwa hiyo lazima mtu aende. Vifaa si ghali: simu yenye programu ya kupimia mwinamo, ilazwe juu ya ubao ulionyooka, utepe, daftari. Msitu wa Karura ungekuwa mahali pazuri pa kuanzia. Ni karibu hekta 1,000 ndani ya Nairobi, na makutano ya njia zake yana namba, yaani ufunguo wa hifadhidata umeshasimikwa ardhini! Pima kipande kwa kipande, namba hadi namba, na uandike tarehe, kwa sababu udongo mwekundu wa Februari si ule wa Aprili. Vijana wa Map Kibera walianza kuchora mtaa wao mwaka 2009 wakiwa na GPS mkononi, basi usiniambie msitu hauwezekani.

Kuna watakaosema: mlima ni mlima, mnataka usawazishwe? La. Sitaki lami Ngong. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 54, inampa mwenye ulemavu haki ya kufikia, kwa kadiri inayofaa, mahali pote, usafiri wa umma na habari. Watu husoma "mahali" wakairuka "habari". Kujenga njia kunataka bajeti. Kueleza njia ilivyo kunataka siku chache za kutembea.

Rafiki yangu anayesukuma kiti chake kwa mikono huniuliza swali moja tu kabla hatujatoka: "Pabaya kabisa ni wapi, na ni parefu kiasi gani?" Sijafungua programu inayomjibu. Akijua ni mita sita baada ya daraja, ataamua mwenyewe kama aje na mtu wa kumsukuma, ageukie hapo, au twende kwingine.