Trekta Kongwe Linastahili Pampu ya Pili

Mwenye kulifahamu trekta la Ferguson TE20, lile dogo la rangi ya kijivu lililotengenezwa Coventry, Uingereza, tangu mwaka 1946 hadi 1956, na ambalo idadi yake ilipita 500,000, hatastaajabu nikisema kwamba tumboni mwake mna maarifa makubwa kuliko umbo lake; kwani Harry Ferguson, mbunifu wake, hakuridhika na jembe la kukokotwa nyuma kama mkokoteni, bali alilifunga kwenye trekta kwa mikono mitatu, na mikono hiyo akaiinua kwa nguvu ya mafuta yanayosukumwa na pampu iliyozama ndani ya giaboksi.

Pampu hiyo iliundwa kwa ajili ya kazi ile. Haina mafuta yake peke yake, hunywa yale yale yanayolainisha gia. Na kwa kuwa huzungushwa pamoja na shafti iendeshayo zana za nyuma, dereva akanyagapo klachi, nayo husimama. Kwa kulima, hilo halidhuru. Lakini leo mwenye trekta hutaka loda mbele, au tela la kumwaga mchanga, au mashine ya kupasulia kuni, na fundi, kwa haraka ya kumridhisha, huchukua mafuta kwenye mfuniko wa lifti, akaunga mpira, akadhani amemaliza.

Naona hilo ni kosa, nami nalisema kwa mapenzi ya vyombo hivi. Silinda ndefu ya tela ikijaa, gia hupungukiwa; mafuta yakirudi, huja na maji na vumbi la zana iliyoazimwa kwa jirani, na uchafu huo huishia katika beringi. Fauka ya hayo, loda huhitaji nguvu aghalabu wakati ule ule dereva anapokanyaga klachi, ilhali pampu imelala. Massey Ferguson 135, lionekanalo hata sasa mashambani Kenya na Tanzania, lina nafuu pale lilipotiwa klachi ya hatua mbili, maana ukiikanyaga nusu magurudumu husimama na pampu ikaendelea. Lakini mafuta yake nayo ni ya shirika na gia.

Rai yangu ni kwamba trekta kongwe lipewe pampu ya pili, yenye tangi, chujio na vali ya kupunguza shinikizo. Kwa tela na kuni, ifungwe kwenye shafti ya nyuma, ambayo mzunguko wake wa mara 540 kwa dakika ni mdogo kwa pampu ya gia, hivyo shurti pawe na kisanduku cha kuuongeza; kwa loda, iendeshwe na injini yenyewe kutoka mbele, isitegemee klachi. Lita 20 kwa dakika kwa shinikizo la bar 150 ni kilowati 5, mzigo ambao hata injini ya TE20 huumudu.

Na mpira ukivuja, asiutafute mtu uvujaji kwa kiganja, bali kwa kipande cha kadibodi. Tundu lisiloonekana hurusha mafuta yanayopenya ngozi, na aliyepenywa apelekwe hospitali saa ile ile, ijapokuwa haoni ila alama kama ya sindano.